Picha ya Tumbo Inaona Nini, na Haioni Nini?

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia)



Vikundi vingi siku hizi vinachanga pesa ili mama mjamzito apigwe picha ya tumbo, ile tunaita ultrasaundi au skani. Ni jambo jema. Lakini kuna nyumba zinagombana kwa sababu ya karatasi inayotoka pale. Mama anapigwa picha mimba ikiwa na miezi minane. Karatasi inatoa tarehe inayopishana na ile ya kliniki kwa wiki mbili, na bwana anauliza, "Hii mimba ni ya nani?" Kwa hivyo leo tuangalie vile hiyo picha inatengenezwa.

Kwanza, ile mashini haitumii miale kama eksrei. Inatumia sauti. Sikio la mtu linaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde. Sauti ya mashini ina mitetemo milioni kadhaa, kwa hivyo hatuisikii. Inaingia mwilini kwa mwendo wa kama mita 1,540 kwa sekunde, inagonga mtoto, halafu inarudi, kama vile mtu akiita bondeni anajibiwa na mwangwi. Mashini inapima mwangwi umechukua muda gani, na hivyo inachora picha. Ile jeli baridi wanapaka ni ya kuondoa hewa, maana hewa huzuia sauti hiyo.

Pili, uwazi wa picha una mpaka. Matatu ikija usiku kutoka mbali, unaona taa moja. Ikikaribia ndipo unaona kumbe ni mbili. Picha pia ni hivyo. Sauti ya mitetemo milioni 3 ina mawimbi ya urefu wa nusu milimita hivi. Vitu viwili vikikaribiana sana, mashini inavionyesha kama kimoja.

Mtu atauliza, "Si basi waongeze mitetemo?" Swali zuri. Wakitumia milioni 10, mawimbi huwa mafupi na picha huwa safi zaidi. Lakini sauti hiyo huchoka baada ya sentimita chache. Ngoma kubwa husikika ng'ambo ya mto. Kayamba husikika pale uwanjani tu. Ndiyo sababu titi au shingo hupigwa kwa sauti ya juu, na mtoto aliye ndani hupigwa kwa sauti ya chini. Ukitaka kufika mbali, unapoteza uwazi kidogo. Kwa mama mnene sauti ina safari ndefu zaidi, na picha inaweza kuwa na ukungu. Hilo si kosa lake.

Tatu, ile tarehe. Hakuna tarehe imeandikwa tumboni. Mashini inapima kichwa, tumbo na mfupa wa paja, kisha inalinganisha na vipimo vya watoto wengine. Miezi mitatu ya kwanza watoto hukua karibu sawa, na tarehe hukosea kwa wiki moja hivi. Miezi ya mwisho mmoja ni mkubwa, mwingine mdogo, na tarehe inaweza kukosea kwa wiki tatu. Kwa hivyo yule bwana hana ushahidi wowote. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mama apigwe picha moja kabla mimba haijafika wiki 24. Kama mnachanga, changeni mapema.

Nne, picha haipimi presha wala damu. Mama akiambiwa "mtoto yuko sawa" akaacha kliniki, anaweza kupatwa na hatari ambayo picha haikuweza kuonyesha. Picha husaidia kliniki. Haichukui nafasi yake.

Ukienda, usiogope kuuliza: Picha imetoka wazi? Kuna sehemu haikuonekana? Tarehe hii inaweza kukosea kwa siku ngapi?

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Akina mama wetu hupigwa picha mimba ikiwa na miezi mingapi? Kwa nini?
2. Je, kuna nyumba hapa kwetu imegombana kwa sababu ya tarehe? Tunaweza kuwasaidia vipi?
3. Mchango wetu utamfikia mama mapema namna gani?