Juu ya Watoto na Sanduku la Vitabu
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka, Chala)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kuwapendezesha watoto kusoma. Sina budi kuanza kwa kukiri kosa. Nilipokabidhiwa sanduku la vitabu la chama chetu, mwisho wa mwaka wa kwanza nilijisifu mbele yenu ya kwamba hakuna kitabu kilichopotea wala kuraruka, nanyi mkanipigia makofi. Kweli ni kwamba hakuna kilichosomwa. Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu, na mtoto aliyekuja kuomba kitabu nilimkagua mikono kwanza, kisha nikamtaka anieleze faida atakayoipata humo. Nani angerudi mara ya pili? Mwaka uliofuata mchwa waliingia kwa chini, wakawa wasomaji wetu wa kwanza.

Sisi wa upande huu hatuwezi kudai kuwa maandishi ni mageni kwetu. Mwaka 1895, kabla reli ya kutoka Mombasa haijaanza kutandikwa, wamisionari wa C.M.S. walikuwa wakitoa gazeti pale Taveta, liitwalo Taveta Chronicle. Baadaye East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka masanduku ya vitabu hata mbali na miji. Vitabu vimetufikia zamani. Raha yake ndiyo iliyochelewa.

Maana mtoto wetu hukutana na kitabu wapi? Darasani, mbele yake mtihani, na akikosea neno wenzake humcheka. Jioni mtoto yule yule humsikiliza bibi yake akisimulia jinsi boma la Wamasai lilivyotoweka mahali palipo sasa ziwa letu, na jinsi sauti za ng'ombe zilivyosikika majini, wala hasinzii.

Nilimwona mama mmoja mzee, asiyejua hata herufi moja, akimwambia mjukuu wake amsomee hadithi ya sungura. Kijana akasoma kwa kusitasita. Bibi akamkatiza: "Sivyo, mume wangu! Sungura hakupita njia hiyo." Wakabishana. Kijana akaurudia ukurasa ule mara tatu, akitia kidole chini ya kila neno, apate kumshinda bibi yake. Mimi na ukaguzi wangu wa mikono sikupata kuona jambo kama hilo.

Sasa kamati yapendekeza tununue sanduku la bati na kufuli jipya. Sanduku nalikubali, kwa ajili ya mchwa. Kufuli nalipinga. Najua vitabu vitachakaa, vingine vitadondokewa na mchuzi, na viwili vitatu havitarudi. Lakini viti vyetu vya matanga huvunjika kila mwaka, na sijamsikia mzee yeyote akisema visikaliwe. Tuiandike hasara hiyo katika hesabu kama tuandikavyo ile ya viti.

Nina ombi moja kwa wazee. Jumamosi ni siku ya soko Taveta, na watoto wengi hubaki nyumbani bila kazi maalumu mchana. Nataka wazee watatu, wake kwa waume, waketi hapa barazani siku hiyo wasomewe. Kujua kusoma si sharti. Wabishe tu inapobidi.

Ufunguo ni huu, Bwana Mwenyekiti. Naurudisha leo.