Kaunsili Inapopima Usawa, Sisi Tunahesabiwa Wapi?

Mimi ni muuguzi, si mwanasheria, hivyo nitasema ninayoyaona nikiingia majumbani mwa wagonjwa.

Hapa Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 149, inaitaka kila kaunsili izingatie athari za maamuzi yake kwa watu wa umri, asili, dini, jinsia na hali za ulemavu zilizo mbalimbali. Lugha haimo kwa jina lake. Inabidi uipitishe mlango wa asili.

Kupima huku si mchezo. Mwaka 2008, kwa sheria za kabla ya hiyo, kaunsili ya Ealing ilitaka kuwakatia fedha Southall Black Sisters, wanaowasaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Hoja yake ilikuwa huduma iwe moja kwa wote. Ilikubali kushindwa kesi ikiendelea mahakamani, na jaji akasisitiza kwamba athari zipimwe kabla ya kuamua, siyo baadaye kupamba faili.

Sasa tuje kwetu. Mzanzibari, Mkongo wa Bukavu na mtu wa Mombasa wote wanaweza kutia alama "Mwafrika". Mwingine atatia "Mwarabu", mwingine "Nyinginezo". Afisa akifungua takwimu hatuoni, anaandika "hakuna athari", na huduma inahamishiwa kwenye intaneti. Bibi anayesoma herufi za Kiarabu vizuri kabisa, lakini Kiingereza hakijui, anakosa punguzo la kodi ya kaunsili. Mkalimani wake ni mjukuu wa miaka kumi na moja. Mimi nimeshawahi kumuuliza bibi habari za kibofu chake kupitia mtoto kama huyo. Jamani, ni aibu kwa wote watatu!

Na sisi tuna letu. Sensa ya 2011 na ya 2021 ziliuliza lugha kuu ya mtu. Wapo wanaoandika Kiingereza kwa fahari, halafu wanalalamika hakuna mkalimani.

Kaunsili ikitangaza inakusanya maoni kabla ya kufunga maktaba au kupunguza matunzo ya wazee, tuandike wakati huo, tutaje nani atakosa nini. Kulalamika msikitini au kanisani hakuingii kwenye faili. Asiyejua Kiingereza aseme kwa Kiswahili, kijana aandike.

Nimekuja na nakala za fomu ya maoni kuhusu usafiri wa wazee. Zipo mezani, karibu na sambusa.