Mji Unaokujua kwa Jina: Mhadhara wa Umma juu ya Kuhamia Tanga



Wengi wenu mmetoka Mbagala, Kimara na Gongo la Mboto kuja kunisikiliza, na wapo waliokaa kwenye foleni kwa muda mrefu kuliko nitakavyozungumza mimi. Nawashukuru kwa dhati. Naomba tuanzie hapo hapo, kwenye muda mliouacha barabarani.

Mimi natoka Tanga, ingawa sikuzaliwa huko. Nilihamia nikiwa na miaka 38, na mke na watoto wawili, baada ya kuishi Dar es Salaam tangu nikiwa mwanafunzi. Tangu hapo haupiti mwezi bila kijana anayemaliza chuo kuniuliza: "Mwalimu, nami nihame?" Huyu anataja Iringa, yule Mtwara, mwingine Singida. Nitawajibu wote kwa kutumia mji ninaoujua.

Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na Jiji la Tanga na watu 393,429. Dar moja ni Tanga kumi na tatu na zaidi. Hata hivyo Tanga si kijiji: ina bandari, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, kiwanda cha saruji Pongwe, na Mahakama Kuu ina kanda yake huko.

Swali la kwanza huwa ni kodi ya nyumba. Ndiyo, ni nafuu. Samaki wanashushwa ufukweni pale Deep Sea, machungwa yanatoka Muheza, mboga zinateremka kutoka Lushoto. Lakini unafuu huo una mwenzake, nao ni mshahara mdogo zaidi kwa walioajiriwa na watu binafsi na wateja wachache kwa mwenye biashara. Anayehama kwa sababu ya kodi peke yake amepiga hesabu nusu.

Faida kubwa niliyoipata ni muda. Nilipokuwa Dar nilitoka nyumbani saa 11 alfajiri watoto wamelala, nikarudi saa 3 usiku watoto wamelala. Binti yangu wa pili alipotimiza miaka minne, nilikuwa namjua zaidi kwa picha za kwenye simu ya mama yake. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare na barabara za mtaa wa Ngamiani zimenyooka, na zinaitwa kwa namba. Kwangu hadi kazini ni dakika kumi na tano kwa kukanyaga pedali. Mchana narudi tunakula pamoja. Sijui mshahara wa kiasi gani ungenirudishia ile miaka minne, na nalisema hili mbele yenu kwa sababu wengi mliomo humu mna watoto wadogo.

Faida ya pili ni kujulikana. Mwezi wa nne tangu nifike, fundi baiskeli aliniambia nichukue tairi jipya, nilipe mwisho wa mwezi. Sikuwa nimemwomba. Alikuwa anajua ninapokaa, ninakofanya kazi na shule wanayosoma wanangu. Alipoanza kuniita "mgosi", jina la heshima analoitwa mwanamume na watu wa huko, nilihisi nimepewa kiwanja. Nilipofiwa na kaka yangu, majirani walinipikia siku tatu, nami nikalazimika kujifunza kwamba nikikosa msiba wa mtaani, kutokuwepo kwangu kunaonekana.

Lakini macho yaliyoniwezesha kukopeshwa tairi ndiyo yanayomhesabia binti aliyepanga chumba peke yake saa anazorudi. Mimi ni mwanamume mwenye familia. Mji ulinipokea kwa urahisi. Msichana aliyezoea Sinza ya Dar, ambako hakuna aliyemuuliza mgeni wake ni nani, ataulizwa, kwanza kwa salamu, kisha kwa minong'ono. Nimewaona wawili waliorudi Dar kwa sababu hiyo tu, wakiwa na kazi nzuri. Si haki kuwaambia wasichana wahame bila kuwatajia hilo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hawaniulizi kabisa, nami nadhani lingetakiwa kuwa la kwanza: mji huo unasimama kwa miguu mingapi?

Tanga ilisimama zaidi kwa mguu mmoja, mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge Tanganyika. Aliagiza 1,000, iliyofika ikiwa hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62. Mwaka huo huo ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1911 ilikuwa imefika Moshi. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza duniani, na sehemu kubwa ilipita Tanga. Sensa ya 1967 iliikuta Tanga ikiwa mji wa pili wa Tanzania Bara, na wakazi 61,058. Mwanza ilikuwa na 34,861.

Kisha kamba za plastiki na nailoni zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na uendeshaji wake ukadorora. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 40,000. Kiwanda cha mbolea nacho kilifungwa. Leo Mwanza, Arusha, Mbeya na Dodoma zote zimeipita Tanga kwa watu. Wanamuziki wa kundi la Wagosi wa Kaya walipoimba "Tanga Kunani", walikuwa wanauliza swali la nyumba kwa nyumba.

Tazameni jinsi mji wa kadiri unavyoanguka, maana hauanguki kama mji mkubwa. Ofisi moja ikifungwa Dar, mfanyakazi wake anavuka barabara akaulize ofisi nyingine. Kiwanda kikifungwa Tanga, anayepoteza kipato mwezi huo ni mfanyakazi, mama ntilie aliyempikia, fundi cherehani aliyemshonea sare na mwenye nyumba aliyempangisha. Mwenye nyumba akitaka kuiuza aondoke, anakuta wale ambao wangeweza kuinunua nao wanauza. Wazee wa mtaani kwetu walijenga kwa jasho la miaka ya neema, wakaja kukaa ndani ya vyumba vitupu kwa miaka ishirini. Nikipita barazani kwao jioni, huwa nasimama kuwasikiliza.

Gharama nyingine niliijua kupitia mama yangu. Alipogunduliwa kuwa na saratani, tiba ya mionzi ilikuwa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam. Ni zaidi ya kilomita 300 kwa basi kila safari, kwenda na kurudi, kwa miezi mitano, mara nyingine amelala begani kwangu tangu Segera hadi Chalinze. Muda niliokuwa nimeuokoa kwa baiskeli niliulipa wote kwenye barabara ile. Mwenye mgonjwa wa moyo au wa saratani nyumbani afikirie mara mbili.

Hivi sasa Tanga inaota mguu mpya. Zamani meli kubwa zilitia nanga mbali, mizigo ikavushwa kwa matishari. Bandari imechimbwa, na meli sasa zinafunga gatini. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani. Nafurahi, na nina wasiwasi. Kuchimba mtaro kunahitaji watu wengi. Kulilinda bomba likishafukiwa kunahitaji wachache. Kijana anayehamia kwa ajili ya ujenzi ajiulize mapema atakuwa anafanya nini mabomba yote yakishalazwa.

Kwa hiyo kijana akiniuliza, simwambii hama wala usihame. Namwambia aende akakae wiki mbili, si za sikukuu, ikiwezekana mwezi wa nne mvua zikinyesha. Apige hesabu ya matumizi yake ya mwezi kwa mshahara wa huko, si wa Dar. Aende hospitalini akaulize ni magonjwa gani yanayopewa rufaa. Kisha akae dukani, anunue soda, amuulize mwenye duka watoto wake wakubwa wako wapi.

Mimi nilimuuliza mama mmoja mwenye duka mtaa wa Makorora, Tanga. Wawili walikuwa Dar, mmoja Muscat. Wa nne, alisema, amerudi mwaka jana, yupo bandarini, na usiku huo angekuja kula.