Fundi wa Kisekka na gari lenye kompyuta

Msikilizaji, pengo la ujuzi tunalosikia kwenye taarifa za habari linaonekana wazi Nakivubo, Kampala, kwenye gereji za soko la Kisekka. Fundi aliyezoea kutambua ubovu wa injini kwa kusikiliza mlio wake sasa anachomeka kifaa chini ya usukani, na kioo chake kinamwandikia msimbo wa P0300. Maana yake mafuta hayawaki ipasavyo kwenye silinda. Lakini je, kosa liko kwenye plagi, koili au pampu? Kifaa hakimwambii. Hapo ndipo uzoefu wake unapohitaji elimu ya umeme na kompyuta, na elimu hiyo wengi hawakuipata.

Na magari ya umeme yameshafika. Kiira EV, gari la umeme la majaribio la Chuo Kikuu cha Makerere, lilijaribiwa barabarani mwaka 2011, na leo bodaboda za betri zinapita Kampala.

Uganda haianzii patupu katika kuziba pengo hili. Sheria ya elimu ya ufundi ya mwaka 2008 ilifungua njia ya Worker's PAS, hati inayotambua ujuzi uliopatikana kazini, hata kwa asiye na cheti cha shule. Ni hatua nzuri sana. Ila kumpima mtu kwa anachokijua hakumfundishi asichokijua.

Mtu mzima mwenye watoto hawezi kufunga gereji miezi sita akakae darasani. Serikali na vyuo vya ufundi, pelekeni walimu Kisekka, jioni, baada ya kazi.