Kipepeo wa Shamba la Njegere

Leo twataka tuzungumze juu ya kiumbe mdogo sana, kipepeo wa rangi ya samawati ambaye wengi wenu mlioko Bahati, Njoro na Mau Narok mmemwona penye mashamba ya njegere, au minji kama tusemavyo hapa Nakuru. Wataalamu humwita Lampides boeticus. Linnaeus ndiye aliyemwandika kwanza, mwaka 1767. Mabawa yake yakikunjuliwa hayapiti sana sentimita 3, lakini huvuka hata bahari, na miaka mingine hufika Uingereza.

Akitua, tazameni nyuma ya mabawa yake. Pana vimkia viwili vyembamba kama nyuzi, na karibu navyo madoa meusi mfano wa macho. Huvichezesha vimkia hivyo, na ndege hudhani hicho ndicho kichwa. Hudona hapo, akaambulia kipande cha bawa, na kipepeo akaenda zake. Ni nani asiyemsifu Muumba kwa hekima hiyo?

Lakini mama mmoja wa parishi yetu, ambaye karo ya watoto wake hutoka katika njegere, hakuona la kusifu. Maana jike hutaga yai moja moja penye matumba ya maua. Kiwavi akianguliwa hujipenyeza ndani, hula ua, kisha hutoboa ganda na kula mbegu. Hata sisimizi humzunguka wakilamba majimaji matamu yamtokayo mwilini, wala hawamdhuru. Mama akatuuliza: Je, ni dhambi kumwua kiumbe aliyepambwa na Mungu namna hii?

Tulimjibu kwamba si dhambi. Adamu alipewa bustani aifanyie kazi, na watoto wa mama huyu nao wanahitaji kula na kusoma. Ila utunzaji ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya dawa. Kiwavi akiisha kuingia gandani, dawa ya kunyunyiza haimfikii vema. Huwaua nyuki waliokuja mauani, naye aendelea kula. (Bei ya dawa mwaijua wenyewe.) Heri kupita mistarini asubuhi, kuangalia matumba, na kuchuma maganda yenye tundu. Wapeni mbuzi siku iyo hiyo, yasiachwe chini, kwa kuwa kiwavi aliyeshiba hutoka akajificha penye majani makavu, na baada ya siku kadhaa huruka akiwa kipepeo. Kagueni na mitoo iliyo kando ya ua, maana humo pia hutaga.