Moshi wa Sigara Ndani ya Jengo: Je, Sheria Imefanya Kazi?

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya afya ya wadi ya Mbololo, kaunti ndogo ya Voi



Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ilipitishwa nchini Kenya mwaka 2007 na ikaanza kutumika Julai 2008. Tangu hapo, kuvuta sigara mahali pa umma ni kosa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni kijana mkubwa. Muda huo unatosha kuuliza: je, sheria hii imefanya kazi?

Jibu la haki lina sehemu mbili. Imefanya kazi pale ambapo chumba kizima kimekuwa safi na mwenye mahali amejua kwamba jukumu ni lake. Imeshindwa pale ambapo mvutaji ameachiwa kona yake na mfanyakazi ameachiwa moshi.

Kwanza, sheria yenyewe inasema nini? Mahali pa umma ni jengo au sehemu yoyote iliyozingirwa, hata ikiwa nusu tu, ambayo watu huingia. Humo mna ofisi, mahakama, hospitali, shule, nyumba za ibada, vituo vya polisi, hoteli, mikahawa na magari ya abiria. Mahali pa kazi pia pamo. Anayepatikana na hatia ya kuvuta humo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Sheria hii haikupita kwa urahisi. Mwaka 2006, Waziri wa Afya Charity Ngilu alitangaza marufuku ya kuvuta sigara hadharani. Kampuni za sigara zilienda mahakamani na marufuku hiyo ikasimamishwa. Bunge lilipitisha sheria kamili mwaka uliofuata. Kanuni za mwaka 2014 zilipotolewa ili kuipa nguvu, kampuni ya BAT ilizipinga kuanzia Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa, na mwisho Mahakama ya Juu. Mnamo Novemba 2019, Mahakama ya Juu iliitupilia mbali rufaa hiyo. Kwa hiyo asiwepo wa kudai kwamba jambo hili bado liko kortini. Limekwisha kuamuliwa.

Pili, kwa nini sheria izungumzie moshi wa mtu mwingine? Kwa sababu moshi hauchagui mapafu. Moshi wa sigara una zaidi ya kemikali 7,000, na takriban 70 kati yake husababisha saratani. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao ni watu wasiovuta, waliopumua moshi wa wenzao. Mtoto anayeishi katika moshi huo hupata pumu na magonjwa ya kifua kwa urahisi zaidi. Mtu mzima huongeza hatari ya ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu.

Hapa kwetu, wavutaji ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 11.6 ya watu wazima nchini walitumia tumbaku: wanaume asilimia 19.1 na wanawake asilimia 4.5. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wanaofanya kazi ndani ya majengo, asilimia 17.6 walipumua moshi wa sigara kazini. Wakati huo sheria ilikuwa na umri wa miaka sita. Takwimu hizo zinaonyesha wazi kwamba kazi ilikuwa bado haijaisha.

Tatu, je, kuna ushahidi kwamba sheria ya aina hii huokoa maisha? Upo. Ireland ilipiga marufuku uvutaji katika mahali pote pa kazi, baa zikiwemo, mwezi Machi 2004. Scotland ilifuata Machi 2006. Huko Scotland, watafiti waliwahesabu wagonjwa waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na matatizo ya karibu nayo katika hospitali tisa, kabla ya sheria na baada yake. Idadi ilishuka kwa asilimia 17. Katika kipindi hicho, Uingereza jirani, ambayo ilikuwa bado haijaanza sheria yake, ilishuka kwa asilimia 4 tu. La kuangaliwa zaidi ni hili: takriban thuluthi mbili ya waliookolewa na kitanda cha hospitali walikuwa watu wasiovuta. Scotland haikuweka kona ya wavutaji ndani ya baa. Mvutaji alitoka nje.

Sasa turudi Voi. Abiria anayepanda matatu kwenda Mwatate, Wundanyi au Mombasa hatarajii kuona jirani akiwasha sigara kitini. Akiwasha, abiria watapiga kelele, na utingo atamwamuru azime au ashuke. Ni hivyo pia katika foleni ya benki na katika wodi ya hospitali. Hapo hakuhitajiki askari kila siku. Watu wenyewe wamekuwa walinzi, kwa sababu kila mmoja anajua haki iko upande wake.

Usiku, katika baa, mambo ni tofauti. Voi iko kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na madereva wa malori na wasafiri hupumzika hapa. Mteja akiwasha sigara mezani, nani atamwambia? Mteja mwenzake atalipa bili na kuondoka. Mwenye baa anaogopa kupoteza pesa. Anayebaki ni mhudumu, mara nyingi binti wa kijijini, anayekaa humo saa nane au zaidi, siku sita kwa wiki. Hawezi kumkemea mteja kwa sababu anategemea mshahara na bahashishi. Huenda hajawahi kuvuta hata sigara moja maishani, lakini mapafu yake yanavuta kila usiku. Sheria iliandikwa hasa kwa ajili ya mtu kama huyo, naye ndiye inayemfikia mwisho.

Wengine hujitetea kwamba wameweka sehemu ya wavutaji. Sheria ya Kenya inaruhusu sehemu hiyo, lakini kwa masharti: itengwe kwa ukuta kutoka sakafu hadi dari, na hewa yake itolewe moja kwa moja hadi nje. Meza mbili za pembeni zenye kibao cha "Wavutaji" hazitimizi masharti hayo. Pazia pia halitoshi, wala feni, kwa sababu feni huusambaza moshi tu. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, una mwongozo unaosema wazi kwamba kinachowalinda watu ni jengo lisilo na moshi kabisa. Jirani zetu Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, wanamtaka mvutaji akae umbali wa mita 50 kutoka mahali pa umma.

Katika mabaraza, maswali matatu huulizwa mara kwa mara, na yote yanastahili jibu.

La kwanza: biashara haitaanguka? Mwaka 2009, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilipitia tafiti za nchi nyingi na likahitimisha kwamba sheria hizi hazipunguzi mapato ya mikahawa na baa. Mteja hutoka nje, huvuta, kisha hurudi mezani. Na wale wasiovuta, ambao ndio wengi, hukaa zaidi.

La pili: mbona moshi wa kuni jikoni hausemwi? Unasemwa, na wenyewe ni hatari kwa mama na mtoto. Jiko lililoboreshwa, dirisha na bomba la moshi husaidia. Lakini familia inahitaji moto ili ile. Hakuna anayehitaji sigara ya mwenzake ili afanye kazi. Madhara ya moshi mmoja hayahalalishi mwingine.

La tatu: je, mvutaji ananyanyaswa? Hapana. Sheria haimkatazi mtu mzima kuvuta. Inamwambia tu mahali asipoweza kuvutia. Wengi wameshikwa na uraibu na wangependa kuacha. Wazungumziwe kwa heshima, na waelekezwe kwenye kituo cha afya kwa ushauri.

Je, kaunti ina nafasi gani? Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti huduma za afya, udhibiti wa uchafuzi wa hewa, leseni za pombe na usimamizi wa wanaouzia umma chakula. Maana yake ni kwamba afisa wa afya ya umma anayekagua choo na jikoni la hoteli anaweza pia kuangalia visahani vya majivu mezani. Kisahani cha majivu ndani ya ukumbi ni ushahidi kwamba mwenye mahali amekubali moshi. Ukaguzi ukifanywa mchana peke yake, baa itaonekana safi daima. Ukaguzi wa maana ni ule wa Ijumaa usiku.

Kwa mwenye hoteli au baa hapa Mbololo, hatua ni nne na hazina gharama kubwa. Ondoa visahani vya majivu ndani. Weka tangazo la kukataza uvutaji mlangoni na ukutani, kwa Kiswahili. Tenga mahali pa wazi nje, mbali na mlango na madirisha. Kisha waambie wafanyakazi mbele ya wateja kwamba wana ruhusa ya kumwomba mteja azime, na kwamba hakuna atakayefutwa kazi kwa kufanya hivyo. Hatua hii ya mwisho ndiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu mhudumu akijua mwajiri yuko nyuma yake, atasema.

Kwa mwananchi, ukiona sheria inavunjwa, anza na mwenye mahali, kwa upole. Asiposikia, peleka habari kwa afisa wa afya ya umma, kwa chifu au kituo cha polisi.

Idadi ya waliotozwa faini haitoshi kuonyesha kama sheria hii imefaulu Mbololo. Kipimo kizuri ni mhudumu anayefunga baa usiku wa manane na kurudi nyumbani bila harufu ya sigara nguoni, bila kikohozi, na bila hofu ya kufutwa kazi kwa sababu alisema, "Tafadhali, vutia nje."