Pancha ya Alfajiri

Leo ningependa kuzungumza nanyi juu ya jambo dogo ambalo liliwahi kunipunguzia mshahara: pancha ya baiskeli, tena ya alfajiri, mtu akiwa amekwisha vaa kwenda kazini.

Ilikuwa mwezi wa Novemba, saa kumi na moja alfajiri, kusini mwa London. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilifungua kufuli, nikaanza kuisukuma baiskeli, nikaona gurudumu la nyuma linaburuzika. Nilipoinama na kulibonyeza, tairi lilikuwa limelala kabisa, nami jioni yake nilirudi nalo likiwa zima. Zamu yangu ya kusafisha ofisi ilianza saa kumi na mbili kamili, na kutoka kwangu hadi kule ni dakika 35 kwa baiskeli.

Msikilizaji atauliza, kwa nini nisipande basi? Mabasi yapo usiku kucha, lakini njia yangu ilihitaji mawili, na hilo la pili, kwa saa zile, hulijui litafika lini. Tena mkataba wangu wakati huo ulikuwa wa wale wasioahidiwa hata saa moja ya kazi kwa wiki. Mwenye mkataba wa namna hiyo akichelewa hafukuzwi. Ila simu yake hunyamaza.

Nyumbani shida hii ina mwenyewe. Ukiwa Tabora, Kisumu au Bujumbura, hukosi fundi aliyekaa chini ya mti na karai lake la maji, msasa, na viraka alivyovikata kutoka mipira chakavu. Unamwachia baiskeli, na kabla hamjamaliza kuulizana habari za watoto, kazi imekwisha. Hapa Uingereza maduka ya baiskeli yapo, tena mazuri, lakini mengi hufunguliwa saa tatu au saa nne asubuhi, wakati msafishaji wa ofisi amekwisha rudi kulala. Anayefanya kazi za alfajiri hana budi kujifunza ufundi mwenyewe.

Mimi nilidhani nimejifunza. Nilikuwa na mpira wa ndani wa akiba na bomba la kujazia upepo. Nikaling'oa gurudumu, nikautoa mpira ulioharibika, nikatia mpya, nikajaza upepo, nikapanda. Dakika 12 tu! Nilijisifu moyoni. Sikufika hata mwisho wa mtaa wa pili, tairi likalala tena.

Hapa naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu yaliyonikuta yaliwahi kumkuta mtu mwenye jina kubwa kuliko mimi. Tairi la upepo la baiskeli tunalolijua lilianzia Belfast, kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo kutoka Scotland, aliyelitengeneza mwaka 1887 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, akapata hataza mwaka 1888. Lilikuwa laini na jepesi kwenda, lakini liligandishwa kwa gundi kwenye ringi. Inasimuliwa kwamba mwendesha baiskeli mmoja alifika na pancha katika kiwanda cha mpira cha ndugu wawili, André na Édouard Michelin, mjini Clermont-Ferrand, Ufaransa. Kulibandua tairi na kulitengeneza kulichukua zaidi ya saa tatu, kisha likaachwa usiku mzima gundi ikauke. Kesho yake Édouard akaipanda baiskeli ile kuijaribu. Baada ya mita mia chache, tairi likaharibika tena.

Yeye alikuwa na kiwanda, akatafuta dawa: tairi linalotoka na kurudi bila gundi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1891, na mwaka huohuo Charles Terront alishinda kwa matairi hayo mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi Paris, umbali wa kilomita zipatazo 1,200. Kama si kazi ya ndugu wale, dakika zangu 12 zingekuwa siku nzima.

Tukirudi kwenye mtaa wa pili: kosa langu lilikuwa lipi? Nilibadilisha mpira bila kuuliza kilichoutoboa. Chembe ya kioo, ndogo kama punje ya mchele, ilikuwa bado imejificha ndani ya tairi la nje, ikausubiri mpira mpya na kuutoboa mahali palepale. Siku za mvua vioo hivi huingia kwa urahisi zaidi, kwani maji hulainisha njia yake ndani ya tairi, na barabara zetu za London, hasa Jumapili asubuhi, hazikosi chupa zilizovunjwa na walevi.

Fundi mzee aliyenifunza baadaye alinionyesha jambo ambalo sikulisahau. Kabla hujautoa mpira, angalia valvu ilikaa wapi. Kisha ujaze upepo kidogo, usogeze karibu na shavu au uuzamishe katika maji, utafute tundu. Ukilipata, rudi kwenye tairi ukipima kutoka kwenye valvu: aliyetoboa yupo hapo. Pitisha vidole ndani ya tairi polepole, maana kioo hakichagui mpira na kidole. Ukikuta matundu mawili yaliyokaa sambamba, usitafute mwiba. Upepo ulikuwa mdogo, ukagonga ukingo wa shimo, ringi ikaubana mpira. Na tundu likiwa upande wa ndani, unaoelekea ringi, chunguza vichwa vya spoku na utepe unaovifunika.

Kiraka nacho kina adabu yake. Paka gundi, ile ambayo mafundi wetu huiita solusheni, kisha ungoje ikauke kama dakika tano ndipo ubandike. Mwenye haraka hubandika ikiwa mbichi, na kiraka hubanduka njiani. Ndiyo maana mimi hubadilisha mpira alfajiri na kuziba tundu jioni, nikiwa nimekaa jikoni na chai.

Hitilafu nyingine nitazipita upesi. Mnyororo ukichomoka huurudisha kwa dakika moja, ukikubali kuchafua mikono. Waya wa breki ukikatika, usipande. Sukuma baiskeli au iache. Nimewaona wanaojaribu kusimama kwa soli ya kiatu, na sipendi kusimulia walivyoishia.

Siku ile niliifunga baiskeli kwenye nguzo, nikampigia simu msimamizi, nikaenda kwa mabasi. Nilifika saa moja kasoro dakika 10. Hakunigombeza. Wiki iliyofuata nilipata zamu mbili badala ya tano, na upungufu ule niliuona kwenye kodi ya nyumba.

Tangu hapo, kila usiku kabla ya kulala hushuka chini nikayabonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba. Jirani yangu aliniuliza mara moja kama nina wasiwasi wa kuibiwa. Nikamwambia hapana, kesho naingia kazini saa kumi na mbili.